Mtoto mwaka 1 na miezi 10 hakai mwenyewe na anapaliwa na uji, nianzie wapi? (Tanga mjini)

mama_makorora

Habari za humu wadau. Naomba msaada, hasa kwa mlio kwenye fani. Ni mtoto wa kiume, mwaka 1 na miezi 10. Alizaliwa kwa wakati wake, kilo 2.9, ila alichelewa kulia, akawekewa oksijeni na kulazwa. Hospitali wamesema ni mtindio wa ubongo, tukapewa mazoezi ya kumnyoosha miguu, basi. Hali yake sasa:

Shingo imekaza, ila akichoka kichwa kinaenda nyuma. Hakai mwenyewe. Ukimkalisha anajirusha nyuma, miguu inanyooka na kupishana. Mkono wa kulia muda mwingi ni ngumi. Uji anapaliwa, na kumlisha kunachukua saa nzima. Anatujua, anacheka, anasema "ba" tu. Halafu asubuhi akiamka anajikunja ghafla kama kashtuka, mikono inafunguka, inajirudia mara kadhaa, kisha analia. Bibi yake anasema ni gesi.

Maswali yangu: nimnunulie kile kitembezi cha magurudumu? Kuna wanaoniambia nimpeleke ufukweni Raskazone nimfukie mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, ni kweli? Na kiti maalum kinapatikana wapi kwa bei ya kawaida?

nesi_watoto

Dada, weka kiti na mazoezi pembeni kidogo. Hilo la asubuhi ndilo la kwanza.

Mtoto mwenye gesi hulia na kujinyonganyonga kwa muda mrefu, tumbo gumu, akijamba anapata nafuu. Unachoeleza wewe ni kitu kingine: mshtuko wa sekunde moja au mbili, mwili unajikunja, mikono inafunguka, unatulia sekunde chache, unarudi tena, na wote unakuja kwa mafungu wakati wa kuamka. Hiyo inaweza kuwa aina ya degedege isiyofanana na ile ya kutoka povu tunayoijua sote, ndiyo maana watu wanaipita. Kwa kawaida huanza kabla ya mwaka mmoja, ila kwa mtoto ambaye ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kuonekana hata baadaye. Ikiachwa inarudisha nyuma hata kile kidogo alichojifunza, na dawa zake si zilezile za degedege la kawaida. Kwa hiyo usikubali kupewa chochote cha kutuliza dukani.

Kesho asubuhi weka simu tayari kabla hajaamka. Mvue shati ili mikono ionekane, dirisha liwe wazi kwa mwanga, na urekodi fungu zima tangu mwanzo, uso na mwili pamoja. Andika saa na idadi ya mishtuko. Siku hiyohiyo nenda naye hospitali ya Bombo, usisubiri tarehe ya kliniki, na ukiingia kwa daktari anza na video kabla ya maelezo mengine. Wakisema anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo na hakipatikani hapo, omba barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam, Muhimbili au penginepo watakapoelekeza. Ana miaka chini ya mitano, kwa sera anasamehewa malipo kwenye vituo vya serikali. Kikizuka kipimo cha kulipia, pitia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali kabla hujaenda dirishani.

Akipata degedege la mwili mzima: mlaze ubavu, angalia saa, usimwekee kijiko mdomoni, usimnyweshe maji, usimnusishe kitunguu wala kiatu. Ikizidi dakika 5, safari ya hospitali ianze. Na akishaanzishiwa dawa haikatwi ghafla hata kama amekaa mwezi hajashtuka. Kaongeze nyingine zikiwa zimebaki za wiki nzima, maana Ijumaa jioni dawa hizi huwa hazionekani kirahisi.

fizio_ngamiani

Nesi kasema la haraka, mimi nashika la viungo.

Zoezi la kumnyoosha miguu peke yake ni robo ya kazi. Mtoto anayejirusha nyuma hawezi kutumia mikono, hawezi kumeza vizuri, hata kuangalia usoni ni shida. Tengeneza mkao kwanza. Halafu usitafute "saa ya mazoezi". Mchana ana kuoga, kuvaa, kula, kubebwa na kulala, na hayo yakifanyika sawasawa yanamfaa kuliko nusu saa ya kuvutwa akilia.

Akikaza. Usivute mguu ulionyooka, kadiri unavyovuta ndivyo unavyokaza. Anza kwenye nyonga: mlaze chali, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa kiinuke kidogo, shika nyuma ya mapaja karibu na magoti, yapeleke magoti kifuani polepole, yumbisha kushoto na kulia. Ukisikia yamelegea ndipo uyatenganishe. Ukimshika kwenye nyayo unachokoza ukakamavu, kwa hiyo shika juu zaidi.

Kumbeba. Watu wengi humbeba mtoto wa hivi kama kichanga, miguu imebanwa pamoja na kichwa kwenye kiwiko. Hapo anajifunza kujirusha nyuma siku nzima. Mbebe ubavuni miguu ikikumbatia kiuno chako, au mgongoni kwa kanga mapaja yakiwa wazi pande mbili. Mgongoni kwa kanga ni mkao mzuri kabisa kwa nyonga, usione aibu kwamba amekua. Badilisha upande wa ubavu, leo kulia kesho kushoto.

Kuvaa. Mkalishe kwenye paja lako mgongo wake ukiegemea kifua chako, nyonga zimekunjwa. Mkono uliokaza uingie kwanza kwenye nguo, wakati wa kuvua utoke mwisho. Ingiza mkono wako kwenye kitundu cha nguo, ushike kiganja chake, uvute nguo juu. Usimvute vidole.

Kifudifudi. Kunja blanketi iwe mviringo wa unene wa sentimita 12 hivi, iweke chini ya kifua, makwapa yakipita juu yake, mikono mbele. Weka mbele yake kitu anachokipenda, na uso wako uwe chini usawa wa macho yake. Dakika 3 hadi 5, mara nne au tano kwa siku, na si baada ya kula. Akilegea uso ukashuka, mtoe. Usimwache hapo ukaenda jikoni.

Ubavu. Mlaze ubavu wa kulia, mto nyuma ya mgongo, mto mdogo katikati ya magoti. Mikono yote miwili inaanguka mbele yake yenyewe, na hapo ndipo ule mkono wa ngumi unapata nafasi ya kugusa vitu. Badilisha upande. Usiufungue ule mkono kwa kuvuta vidole. Kunja kifundo cha mkono kidogo kwa ndani, papasa mgongo wa mkono kuelekea vidoleni, kisha toa kidole gumba ukikishika shinani.

Vifundo vya miguu. Goti likiwa limekunjwa kwanza, kisigino kikae ndani ya kiganja chako, sehemu ya mkono wako kati ya kiganja na kiwiko ibebe unyayo, sukuma polepole juu, hesabu mpaka 30, mara tatu. Kisha goti likiwa limenyooka, vilevile. Kinachovutwa ni kisigino. Ukisukuma vidole tu, unyayo unavunjikia katikati na misuli ya nyuma haijaguswa.

Kitembezi cha magurudumu usinunue. Kinamweka kwenye ncha za vidole, kinamzoesha kusukuma kwa kunyoosha miguu, yaani lile tunalopigana nalo, na kinapinduka kwenye ngazi. Kingekuwa hivyo hata kwa mtoto asiye na tatizo.

Mchanga nao: kumfukia hadi kiunoni kunamsimamisha mchanga, yeye hafanyi kazi yoyote, na huoni nyonga zimekaaje huko chini. Mchanga wa saa sita unaunguza. Ila mkienda Raskazone jioni, chimba kishimo kifupi cha kukalisha makalio, mgongo uegemee ukuta wa mchanga, magoti yakunjwe juu ya kilima kidogo, na mbele yake jaza mchanga mpaka usawa wa kiwiko uwe meza. Hapo mikono inachezea mchanga na mtoto amekaa. Hilo nalikubali.

Ombeni pia picha ya nyonga. Mtoto asiyesimama akifika umri huu mapaja yakiwa yanapishana, nyonga huweza kuanza kutoka taratibu bila kuuma. Ukiona mguu mmoja unafunguka pungufu ya mwenzake wakati wa kumbadili nepi, au goti moja liko chini kuliko jingine akikunjwa miguu, usisubiri.

lishe_na_kumeza

Kupaliwa. Wengi wakiona mtoto anapaliwa wanazidi kuufanya uji mwepesi. Ndivyo anavyozidi kupaliwa, kwa sababu kitu chepesi kinakimbia kooni kabla koo halijajifunga.

Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unadondoka taratibu, haumwagiki. Uwe laini bila vipande. Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko, mfano mchuzi wenye vipande vya viazi au uji wenye mabonge, maana mdomo unatakiwa kufanya kazi mbili kwa mpigo. Ndizi mbivu iliyopondwa, viazi vitamu vilivyopondwa na tui, maharage yaliyochujwa maganda, papai: hivyo anza navyo. Vikishuka vizuri kwa wiki kadhaa ndipo unaongeza ugumu.

Mkao ni ule aliosema fizio, nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemea, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Kaa mbele yake, macho yako yawe usawa wake au chini kidogo. Ukisimama, anainua kichwa kukutazama na njia ya hewa inafunguka. Kijiko kidogo, bapa. Kiingie kwa mbele, kibonyeze ulimi taratibu katikati, subiri mdomo wa juu ushuke, kisha kitoke moja kwa moja. Usikikwangue kwenye meno ya juu. Aking'ata kijiko usikivute, subiri taya lilegee. Ndiyo maana kijiko cha plastiki nyembamba hakifai, kinavunjika.

Chupa ya chuchu achana nayo. Maji mpe kwa kikombe cha plastiki ulichokata nusu duara upande wa pua, ili usilazimike kumuinua kichwa. Tone moja moja, asubiriwe ameze. Mtoto anayepaliwa hata na maji huwekewa kinywaji kizito, na maji mengine anayapata kwenye uji na matunda yaliyopondwa.

Mlo mmoja usizidi dakika 30. Ikizidi hapo anatumia nguvu kuliko anazopata. Bora milo mitano au sita midogo, kila bakuli uongezewe kijiko cha siagi ya karanga au tui zito, na dagaa waliosagwa na kuchujwa. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Alama za kwamba chakula kinaingia njia ya hewa: sauti inakuwa ya majimaji baada ya kula, macho yanatoa machozi, anabadilika rangi, anakohoa usiku, kifua kinarudi rudi na homa. Wengine hawakohoi kabisa. Kifua kikijirudia zaidi ya mara moja, mwambie daktari wazi kwamba mtoto anapaliwa, vinginevyo mtaishia kupewa antibiotiki kila mwezi.

Na choo. Watoto hawa hufunga choo kwa sababu hawatembei na maji ni shida. Mtoto aliyefunga choo hukaza mwili zaidi na kukataa kula. Papai na maji ya ukwaju husaidia. Ikipita siku tatu bila choo, sema kliniki.

mama_makorora

Asanteni sana, Mungu awabariki. Video nitaichukua kesho alfajiri. Kiti bado sijaelewa, cha mbao fundi kaniambia nilete vipimo na sijui nipime nini. Na je, mambo ya kusema?

fundi_utengamao

Dada vipimo ni vitano. Mkalishe kwenye benchi gumu, mtu mmoja amshike, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa.

1. Nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti. Toa sentimita 2. Hicho ndicho kina cha kiti.
2. Nyuma ya goti mpaka kisigino, akiwa na viatu kama huvaa. Hiyo ni kimo cha kiti kutoka pa kukanyagia.
3. Upana wa nyonga, ongeza sentimita 2 jumla.
4. Kutoka kitako mpaka bega. Kwa kuwa shingo huchoka, mgongo wa kiti upande mpaka juu ya kichwa.
5. Kutoka kitako mpaka kiwiko kilichokunjwa. Jumlisha na namba 2, utapata kimo cha meza.

Mfano: ukipata 22, 19, 20, 32 na 13, kiti kina kina cha 20, kimo 19, upana 22, na meza iwe 32 kutoka chini.

Kiti kisipompendeza angalia wapi kimekosea. Anateleza mbele: kina ni kirefu mno, au mkanda umefungwa tumboni. Mkanda upite mapajani karibu na kiungo cha nyonga, uvute kwenda chini na nyuma. Akiendelea kuteleza, inua ukingo wa mbele wa kitako kwa sentimita 2. Anainamia ubavu mmoja: upana umezidi, jaza pembeni kwa mito myembamba ya sufi. Miguu inapishana: weka kigingi kilichofunikwa godoro katikati ya magoti. Narudia, magoti, kisisogee karibu na sehemu za siri. Miguu inaning'inia: ongeza pa kukanyagia, unyayo wote uguse.

Mbao si lazima. Kiti cha karatasi kinabeba mtoto huyu bila wasiwasi, na gharama yake ni maboksi ya madukani ya bure, unga na vanishi. Kata maboksi kwa kipimo, bandika tabaka 6 au 7 mpaka unene wa sentimita 3, ila mifereji ya ndani ya tabaka moja iende urefu na ya linalofuata iende upana. Ikielekea njia moja kiti kitapinda. Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano, koroga na kikombe 1 cha maji baridi pasiwe na mabonge, mimina vikombe 3 vya maji yanayochemka, rudisha motoni ukikoroga mpaka ing'ae. Paka nyembamba. Ukijaza gundi nyingi boksi linalowa na kulegea.

Baada ya kubandika weka matofali juu usiku kucha, kisha anika ukisimamisha, ukigeuza. Hapa pwani unyevu ndio adui. Kiangazi huchukua siku kadhaa, masika hata wiki mbili. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, pakibonyea bado pabichi. Ukiwahi kupaka vanishi unafungia maji ndani na kuvu wanaota. Viungo vifunike kwa vipande vya karatasi vilivyochovywa gundi, pande zote mbili. Mwisho vanishi mara mbili, hasa chini ya miguu ya kiti, maana sakafu ikipigwa deki ndipo kinapoanzia kuoza.

Dakika 20 hadi 30 kwa mara moja zinatosha mwanzoni. Kiti si pa kulala.

mwalimu_elimu_maalum

Kuhusu kusema. Kabla ya yote masikio yapimwe. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya sindano wanazochomwa watoto wachanga wakilazwa vyote huweza kuyagusa. Kugeuka mlango ukibamizwa si kipimo, mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie "s" wala "f".

Kisha mpe sababu ya kuwasiliana. Mtoto anayepewa kila kitu kabla hajaomba hana haja ya kutoa sauti. Shika vitu viwili, kikombe na ndizi, viweke mbali kidogo kulia na kushoto, usawa wa macho. "Maji? Ndizi?" Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Hapo watu wazima wengi hushindwa, wanauliza tena kwenye tatu. Akitupa jicho upande wa ndizi, hilo ni jibu, mpe ndizi papo hapo useme "ndizi". Kwa mtoto mwenye viungo vilivyokaza, jicho hutangulia mdomo kwa mbali, na kuna watakaobaki na jicho na picha maisha yote na wakaelewana na watu vizuri tu.

Maneno machache yaleyale kila siku kwa kitendo kilekile: "juu" ukimbeba, "bado" na "tayari" wakati wa uji. Hiyo "ba" yake ijibu. Akisema "ba" mara ya pili, rudia "ba", kisha ongeza "baba". Televisheni haimfundishi, kwa sababu haimsubiri.

Shule isikutishe kwa sasa, ila anza mapema. Akifikisha miaka 3 hivi, onana na afisa elimu maalum wa halmashauri uulize kuhusu upimaji na shule ya msingi iliyo jirani yenye kitengo cha elimu maalum. Elimu ya awali ni miaka 5. Kule Lushoto ipo Irente Rainbow School kwa wenye ulemavu wa akili, lakini mtoto mdogo mwenye shida ya kumeza sioni sababu ya kumpeleka mbali na nyumbani. Kwa mjini waulize pia shirika la YDCP, kazi yao ya utengamao wa kijamii, yaani kuwasaidia wenye ulemavu hukohuko wanakoishi, inafahamika Tanga.

mama_makorora

Swali la mwisho. Mazoezi haya mtu wa kunisaidia ni bibi yake tu, ana miaka 60 na mgongo unamsumbua. Afanye yapi?

fizio_ngamiani

Bibi asimbebe. Apewe kazi za kukaa: kulaza ubavu, kifudifudi juu ya blanketi, kumlisha akiwa kwenye kiti, na kuongea naye. Godoro la mtoto liinuliwe juu ya meza au kitanda kirefu kinachofika kiunoni mwa bibi, pawe na kizuizi pembeni. Kumtoa chini kwenda kitini fanya wewe kabla hujatoka. Ukiwa haupo na lazima ahamishwe, bibi akae chini kwanza, amgeuze mtoto ubavu, amkunje nyonga, amvutie pajani mwake, kisha asubiri jirani wa kumpokea.

Na hiyo picha ya nyonga muiombe siku hiyohiyo mnayopeleka video, msifunge safari mbili.